Mgunduzi, Mvumbuzi na Mwenye Mbegu: Calestous Juma na Lugha ya Miliki Bunifu Afrika Mashariki



Huenda baadhi yenu mmeshangaa kuona kwamba mhadhara wa taaluma za Kiswahili umepewa mtu ambaye hakutuachia tamthilia, wala diwani, wala sarufi. Marehemu Profesa Calestous Juma aliandika kwa Kiingereza, na aliyoyaandikia ni hataza, mbegu na teknolojia. Hata hivyo, ninakusudia kuonyesha kwamba hoja aliyoianzisha Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikwama mahali ambapo wanasheria na wachumi hawana zana za kuikwamua, na kwamba sehemu kubwa ya zana hizo imo mikononi mwa wanaisimu na watunzi wa kamusi.

Kabla ya kumfikia Juma, niruhusuni niitaje kata ya Mahege, Wilaya ya Kibiti, katika nchi ya Rufiji ya chini. Nimeichagua kwa sababu swali ambalo Juma aliliuliza kwa lugha ya mikataba ya kimataifa, pande hizo huulizwa kila msimu kwa lugha ya jembe: mbegu hii ni ya nani?

Mbegu na majina yake

Kilimo cha Rufiji ya chini kimejengwa juu ya mafuriko. Mpunga hupandwa kwa mvua za mwanzo, ukangoja maji ya mto yapande wakati wa masika. Maji yakishapungua, ardhi iliyobaki na unyevu hupandwa tena, na kilimo hicho cha pili huitwa mlau. Wakati wa kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe, watu huhamia shambani na kuishi katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Maji yakija mapema mno huizamisha miche ikiwa bado michanga. Yasipokuja, mpunga hukauka. Na kadiri mtu anavyoikaribia bahari ndivyo chumvi inavyoingia katika hesabu.

Mkulima wa mazingira hayo hawezi kutegemea mbegu ya aina moja. Anahitaji inayowahi kuiva na inayochelewa, inayorefuka pamoja na maji na inayostahimili chumvi. Hifadhi yake ya mbegu ni bima, na bima hiyo haikai katika nyumba moja. Anayepoteza mbegu kwa maji huiomba kwa ndugu au jirani, naye mwaka mwingine huombwa. Mwaka 1968 na 1969, baada ya mafuriko makubwa, Serikali iliwahamisha wakazi wa bonde na kuwapeleka kwenye vijiji vya ujamaa vilivyoanzishwa juu, mbali na maji. Watu walihama, lakini rutuba ilibaki bondeni, na wengi wakaendelea kushuka kulima. Aprili 2024 maji yaliifunika tena sehemu kubwa ya Rufiji na Kibiti. Tena mto wenyewe sasa si ule wa zamani, kwani Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na mwenendo wa maji ambao mbegu hizo zilichaguliwa kuukabili unabadilika.

Mbegu za kienyeji zina majina, na hapo ndipo sisi watu wa lugha tunapaswa kutega sikio. Miongoni mwa mpunga unaojulikana Tanzania kuna Shingo ya Mwali, kuna Rangi Mbili, kuna Kula na Bwana. Shingo ya Mwali ni sitiari kamili: anayelisikia jina huliona suke lilivyoinama hata kabla hajalifikia shamba. Rangi Mbili ni maelezo ya mtu aliyetazama punje kwa makini. Kula na Bwana ni sifa ya ladha iliyofungwa ndani ya adabu ya mezani, na bado twaweza kubishana kama bwana huyo ni mume au mkubwa wa nchi. Katika bonde la Rufiji majina ya Kiswahili hukaa pamoja na istilahi za Kirufiji na Kindengereko. Kila jina ni kumbukumbu ya uchaguzi: kuna mtu aliyeiona tofauti, akaitenga, akaipanda peke yake, akaipa jina, na jirani akakubali kwamba tofauti hiyo ni ya kweli. Kumbukeni hatua hizo nne au tano, maana nitazirudia.

Mwalimu wa Mombasa

Calestous Juma alizaliwa mwaka 1953 Port Victoria, Budalangi, magharibi mwa Kenya, mahali ambapo mto Nzoia unaingia Ziwa Viktoria. Ni nchi ya mafuriko, kama Rufiji. Baba yake alikuwa fundi seremala, anayekumbukwa pia kwa kuwaletea watu wa huko kilimo cha muhogo. Juma mwenyewe alisomea ualimu katika Chuo cha Egoji, kisha akafundisha shule ya msingi Mombasa kuanzia mwaka 1974. Akiwa huko alipenda kuandika barua kwa mhariri wa gazeti la Daily Nation, na barua hizo zikamfungulia mlango: mwaka 1978 gazeti hilo lilimwajiri kuwa mwandishi wa habari za sayansi na mazingira, wa kwanza katika nafasi hiyo. Kutoka gazetini aliingia katika Kituo cha Uhusiano wa Mazingira mjini Nairobi, na hatimaye akaenda Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, alikohitimu shahada ya uzamivu katika sera ya sayansi na teknolojia mwaka 1987.

Hakuwa mwanasheria, na hilo si jambo dogo. Aliiendea sheria ya miliki bunifu kama mtu anayetaka kujua mashine inafanyaje kazi, na inamfanyia nani. Mwaka 1988 alianzisha Nairobi Kituo cha Afrika cha Mafunzo ya Teknolojia, maarufu kwa kifupi cha ACTS. Mwaka uliofuata, akishirikiana na Profesa J. B. Ojwang, mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi ambaye baadaye alikuwa Jaji wa Mahakama ya Juu ya Kenya, alihariri kitabu Innovation and Sovereignty kuhusu mjadala wa hataza katika maendeleo ya Afrika. Ushirikiano huo wa mtu wa sera na mtu wa sheria ndio uliozaa matunda.

Ili kuuelewa uzito wa kitabu hicho hatuna budi kukumbuka hali ilivyokuwa. Robo karne baada ya uhuru, Kenya haikuwa na uwezo wa kutoa hataza yake yenyewe. Sheria iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni iliruhusu tu kusajiliwa nchini kwa hataza iliyokwisha kutolewa Uingereza. Fundi wa Gikomba aliyebuni kifaa alipaswa kwanza kwenda London, kwa gharama ya London na kwa lugha ya mawakili wa London, ndipo uvumbuzi wake utambuliwe nyumbani kwao. Tanganyika nayo ilirithi mtindo huohuo, na Tanzania ilitunga Sheria ya Hataza yake mwaka 1987. Kwa wingi wake, rejesta hiyo ilikuwa ya kampuni za ng'ambo zilizotaka kulinda soko lao. Juma na Ojwang waliuliza: dola inayoshindwa kumtambua mvumbuzi wake ina mamlaka gani? Mjadala huo ulichangia kupatikana kwa Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 1989, na mwaka 1990 ofisi ya kuisimamia ikaanza kazi. Sheria hiyo ilitambua pia vyeti vya ubunifu mdogo, yaani ule usiofikia kiwango cha hataza kamili lakini wenye manufaa, kama unaofanywa na mafundi wa jua kali. Ni nadra kitabu cha wasomi kufuatwa kwa haraka hivyo na sheria.

Wawindaji wa jeni

Mwaka huohuo wa 1989 kilitoka kitabu chake kilichomtangaza duniani, The Gene Hunters, kuhusu kinyang'anyiro cha mbegu. Humo Juma alieleza jinsi uwezo wa kiuchumi wa mataifa makubwa ulivyojengwa pia kwa kukusanya mimea ya watu wengine, kuihifadhi katika bustani na maghala ya mbegu, na kuigeuza kuwa bidhaa.

Afrika Mashariki tunayo mifano ya hayo mlangoni petu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alilichukua ua dogo la zambarau kutoka misitu ya Usambara akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi la Saintpaulia, yaani jina la aliyelipeleka. Leo ni miongoni mwa maua ya ndani ya nyumba yanayouzwa sana duniani, na watoaji wa Ulaya na Marekani wamezimilikisha kisheria aina walizozitoa kwake. Usambara haipati kitu. Lakini historia haina upande mmoja. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf aliagiza vitoto elfu moja vya mkonge, mmea wa Mexico, kupitia Florida na Hamburg, vikafika Tanga vikiwa hai 62 tu. Na kutokana na 62 hivyo ulijengwa uchumi mzima wa mkonge wa Tanganyika. Mexico nayo haikupata kitu. Yeyote anayetaka kuisimulia habari ya mbegu kama hadithi ya mwizi na mwibiwa, na mwizi akawa daima mgeni, atakwama kwenye mkonge. Juma alilielewa hilo. Kwake yeye, kosa la Afrika halikuwa kuibiwa peke yake. Lilikuwa pia kutojenga maabara, shule na sheria za kuiwezesha nayo igeuze mimea kuwa maarifa yenye thamani.

Mkataba wa Bayoanuwai uliotiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992 ulikuwa, kwa sehemu, jibu la mjadala huo. Ulitamka kwamba mataifa yana mamlaka juu ya rasilimali zao za kibiolojia. Juma aliongoza Sekretarieti yake, Montreal, kuanzia 1995 hadi 1998. Lakini tazameni ni nani aliyepewa. Mamlaka yalitoka kwa "urithi wa wanadamu wote" yakaenda kwa dola. Kijiji kilipata kifungu cha 8(j), kinachoitaka dola iheshimu maarifa ya jamii za wenyeji, tena kwa kadiri sheria zake zinavyoruhusu. Mahege, kwa lugha ya Mkataba, imo ndani ya Jamhuri ya Muungano. Haisemi kwa kinywa chake.

Baada ya Montreal alihamia Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 2006 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London, na mwaka 2011 akatoa kitabu cha kuhimiza mapinduzi ya kilimo cha Afrika. Alikuwa mtetezi mkubwa wa mazao yaliyobadilishwa vinasaba, na waliompenda kwa kitabu cha 1989 walimlaumu kwamba amehamia upande wa kampuni. Mwaka 2015 gazeti la Boston Globe liliandika kwamba makala yake mojawapo ilitokana na pendekezo la kampuni ya Monsanto. Alisema hakulipwa na kwamba maoni yalikuwa yake. Kwa maoni yangu Juma wa 1989 na Juma wa 2015 ni mtu mmoja, mwenye imani moja: kwamba anayeiogopa teknolojia hujikuta anainunua kwa bei ya mwingine. Kilichobadilika ni mizani. Katika kitabu cha kwanza mkulima mwenye mbegu ana nafasi kubwa. Katika vitabu vya mwisho anayesikika zaidi ni mhandisi na waziri. Alifariki Boston, Desemba 2017.

Sheria ilivyompita mwenye mbegu

Wakati Juma yuko Marekani, sheria za mbegu za Afrika Mashariki zilichukua njia nyingine. Umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, UPOV, ulioanzishwa mwaka 1961 na mataifa ya Ulaya, ulianza kupata wanachama huku kwetu. Kenya ilijiunga mwaka 1999. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeandaa sheria ya mfano ya mwaka 2000, iliyotaka haki za jamii na za wakulima ziwekwe bega kwa bega na za watoaji wa mbegu, lakini nchi nyingi ziliiacha kabatini. Tanzania ilitunga Sheria Na. 9 ya mwaka 2012, na Novemba 2015 ikajiunga na UPOV kwa mkataba wa 1991, ulio mkali kuliko uliotangulia. Nasema hivi kwa sababu Tanzania, ikiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni, haikulazimika: chini ya mkataba wa biashara wa miliki bunifu, nchi za kundi hilo zimepewa nafuu ambayo sasa imeongezwa hadi Julai 2034.

Nisieleweke vibaya. Husemwa mara nyingi barazani kwamba mkulima anaweza kufungwa kwa kupanda mpunga wa bibi yake. La hasha. Haki ya mtoaji huihusu mbegu iliyosajiliwa tu, tena kwa miaka 20, au 25 kwa miti na mizabibu. Tatizo limekaa kwingine. Ili aina isajiliwe lazima iwe mpya sokoni, iwe tofauti, iwe na mfanano, na iwe thabiti kizazi hata kizazi. Mpunga wa Rufiji unaweza kuwa tofauti kabisa, lakini hauna mfanano wa maabara, na ndivyo unavyotakiwa uwe: kutofanana kwake ndiko kunakouwezesha kuvuka mwaka wa maji na mwaka wa jua. Sifa inayoufanya uwe na faida kwa mkulima ndiyo inayoufukuza rejestani. Nchini Kenya mambo yalifika mbali zaidi, kwani sheria ya mbegu iliweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi 1,000,000 kwa makosa yaliyogusa hata kubadilishana mbegu zisizothibitishwa, hadi Novemba 2025 Mahakama Kuu, Machakos, ilipovitamka vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba.

Neno mgunduzi

Sasa nifike kwenye lugha. Mtu ambaye mkataba wa UPOV unampa haki, katika Kiswahili cha ofisi za kilimo Tanzania amezoeleka kuitwa mgunduzi wa mbegu. Wapo wanaolilaumu neno hili, na sababu yao ni nzuri. Katika sheria ya hataza, kugundua na kuvumbua ni vitu viwili vilivyotengwa kwa ukuta. Aliyegundua amekiona kilichokuwapo, naye hapati hataza. Aliyevumbua amekileta kisichokuwapo, naye huipata. Kamusi zetu hazikuujenga ukuta huo imara, maana gundua na vumbua hupokezana maana katika vidahizo vingi. Mwanasheria makini atasema: kumwita mtoaji wa mbegu mgunduzi ni kumnyima hoja yake mwenyewe.

Mimi naona neno hili limesema kweli kuliko waliolichagua walivyokusudia. Mkataba wa 1991, katika kifungu chake cha kwanza, humwita mwenye haki yule aliyezalisha aina mpya, au aliyeigundua na kuiendeleza. Kuigundua wapi? Mara nyingi katika shamba la mtu. Mtafiti anayechukua suke la ajabu kutoka bondeni, akalisafisha kwa misimu kadhaa hadi likapata mfanano, ni mgunduzi kwa maana iliyonyooka ya Kiswahili: ameona kilichokuwapo. Neno la ofisi linatulazimisha tuulize kilikuwapo kwa nani, na huyo aliyekuwa nacho aitweje. Hapo ndipo istilahi zetu zinapokatika. Tunalo neno la mwenye hakimiliki, la mwenye hataza, la mgunduzi. Aliyeiona tofauti shambani, akaitenga, akaipanda, akaipa jina, na jirani akamkubalia, tunamwita mkulima tu, na katika rejesta mkulima ni jina la mtumiaji.

Ulegevu huu wa istilahi una gharama. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, na kazi ya kuzifasiri sheria zilizotungwa kwa Kiingereza imekuwa ikiendelea. Neno litakaloingia katika fasiri rasmi halitakuwa la barazani tena, litakatiwa mashauri. Wanasheria wetu wa miliki bunifu, kuanzia kizazi cha Ojwang hadi cha Profesa Ben Sihanya wa Nairobi, aliyeandika kwa kina juu ya hakimiliki na ubunifu nchini Kenya, wameifanya kazi yao kwa Kiingereza, na hatuwezi kuwadai wawe pia watunzi wa istilahi. Deni hilo ni la idara zetu. Mimi ningependekeza mwenye mbegu, kwa kuwa mwenye katika Kiswahili hubeba umiliki na pia utunzaji, kama katika mwenyeji na mwenye nyumba, bila kudai upekee ambao mmiliki huudai. Wengine watapendelea mtunza mbegu, lakini mtunzaji huweza kutunza mali ya mwingine, na hilo ndilo linalobishaniwa.

Kuna jambo moja zaidi la kiutendaji. UPOV inadai kila aina iliyosajiliwa iwe na jina, na jina hilo liwe ndilo litumikalo na kila anayeiuza, hata baada ya haki kwisha. Wanasheria huliona hili kama jambo dogo la utawala. Kwa upande wa pili, mkataba uliopitishwa Geneva tarehe 24 Mei 2024 chini ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani unamtaka mwombaji wa hataza, pale uvumbuzi wake unapotokana na rasilimali za jeni, ataje nchi ya asili au chanzo chake, na pale unapotokana na maarifa ya jadi, aitaje jamii iliyompa. Utaanza kutumika ukisharidhiwa na nchi 15. Siku hiyo ikifika, afisa wa hataza atahitaji mahali pa kupekua, naye hatapekua kwa namba za maabara alizozitunga mwombaji mwenyewe. Atapekua kwa majina: Shingo ya Mwali, Rangi Mbili, Kula na Bwana, na mengine ya bonde la Rufiji ambayo hakuna kamusi yetu iliyoyaingiza, pamoja na maelezo ya nani huyatumia, kijiji gani, kwa maji ya kimo gani. Orodha ya namna hiyo ni kazi ya uwandani ya misimu miwili kwa mwanafunzi wa uzamili anayejua Kiswahili na akawa tayari kujifunza Kindengereko, na wakati wa kuifanya ni Juni, mpunga unapovunwa na watu bado wamo madunguni.